UZI: Tumefanya dizaini sprinti na kampuni ya ushauri wa forodha hapa Mombasa, haya ndo yaliyotokea

MtuWaTudor:
Salaam wakubwa kwa wadogo. Kuna mtu alikuwa anauliza vipi kampuni ya ushauri inaweza kupanga kitu chake cha kidijitali bila kuchoma pesa, nikaahidi ntaleta uzi, basi ndo huu, ni mrefu kwa hivyo mwenye haraka apite tu.

Kuna kampuni moja hapa mjini, jina tuliwache, kazi yao ni kushauri watu wanaoagiza mali kutoka nje. Si ajenti wa kliaringi hawa, wao wanakwambia kabla hujatuma pesa Japani ama Dubai kwamba hii gari itaingia ama haiingii, karatasi gani zatakikana, bidhaa yako inakaa kwenye namba gani ya HS (zile namba za kimataifa za kupanga bidhaa), KRA, yaani mamlaka ya mapato ya Kenya, wakikupandishia thamani unabishana nao vipi. Ujuzi wote uko kwenye vichwa vya watu wachache pamoja na faili moja la Excel ambalo akilifungua asiyelijua ashaliharibu.

Mzee mwenye kampuni alikuja na neno moja tu, apu. Apu ya nini? Apu tu, wenzetu wanazo. Na alikuwa ashaandikiwa bei na watu wa programu, nikaisoma ile karatasi, ina pasiwedi, ina chati, ina grafu za rangi rangi, hakuna mahali pameandikwa kuna mteja aliyeulizwa anataka nini. Nikamwambia mzee, kabla hujatoa shilingi nipe watu wako siku chache, tufunge mlango, tutoke na sampuli ambayo wateja wako washaishika kwa mikono yao. Akakubali kwa shingo upande.

Kwa wasioijua, dizaini sprinti ni kikao cha siku chache cha kubuni kitu na kukijaribu kwa wateja kabla ya kukijenga, aliianzisha Jake Knapp alipokuwa Google, 2010 hivi, halafu akahamia nayo Google Ventures, tawi la Google la kuwekeza, wakaichonga vizuri kwa kuijaribu na kampuni nyingi changa. Ile asili ni siku 5: Jumatatu mnachora ramani ya safari ya mteja na kuchagua pa kulenga, Jumanne kila mtu anachora suluhisho lake peke yake, Jumatano mnaamua, Alhamisi mnatengeneza sampuli ya kuigiza, Ijumaa mnaiweka mbele ya wateja 5, mmoja mmoja, na nyinyi wengine mko chumba cha pili mnatazama. Watu wasizidi 7 na lazima mmoja wao awe mwamuzi, yule ambaye akisema ndiyo imekuwa ndiyo.

Sasa shida ya kwanza hapa kwetu mushaiona. Ijumaa. Nani atakuja kukujaribia sampuli Ijumaa mchana Mombasa? Saa sita watu washaanza kutafuta udhu, saa saba wako msikitini, baada ya hapo ni biriani na kulala, na hata mteja asiye Muislamu anajua ofisi nyingi mchana ule hazina mtu. Kwa hivyo tulibana: ramani na michoro siku moja, Jumanne kuamua, Jumatano kujenga, Alhamisi wateja. Ijumaa asubuhi tukakaa kwa muda wa saa mbili kusoma tulichokiona, basi. Siku 4 zinatosha kama mwezeshaji anashika saa kweli kweli.

Naendelea chini, wacha nipate chai kwanza.

yakhe_msomi:
Nipo hapa shekhe, endelea. Ila swali la uchokozi kidogo, hii ina tofauti gani na mitingi ya kawaida? Manake mimi naona ni mitingi ileile yenye vikaratasi vya manjano ukutani.

MtuWaTudor:
@yakhe_msomi swali zuri na ndo kiini cha uzi wenyewe. Tofauti ni kwamba kwenye sprinti watu hawaongei. Sikiza, hawa ni washauri, riziki yao iko mdomoni, ukimpa mshauri swali dogo atakupa lekcha ya dakika ishirini na mifano ya mwaka wa Simba, ule mfumo wa zamani wa kompyuta wa forodha wa KRA kabla ya huu wa iCMS. Wakikaa wanne kwenye meza moja kila mtu anashauri mwenzake na jioni hakuna kilichoandikwa. Kwa hivyo kazi ya mwezeshaji kwenye kampuni ya ushauri si kuwachangamsha watu kama vile warsha za hoteli za Nyali, kazi yake ni kuwanyamazisha bila kuwavunjia heshima.

Silaha ni karatasi na taima. Mtaalamu anapoeleza kazi yake, wengine wote wanaandika vikaratasi vinavyoanza na "Tufanyeje ili...", kikaratasi kimoja wazo moja, maka nene ili asipate nafasi ya kuandika insha. Hakuna kumkatiza, hakuna kujibu. Yule mama wa kodi alitaka kujibu karibu kila sentensi, nikawa namnyooshea kikaratasi tu natabasamu, baadae akawa anacheka mwenyewe na kuandika. Mwisho wa saa mnabandika ukutani mnapiga kura kwa stika. Vitu ambavyo vingekula mitingi nzima ya kubishana vinakaa pale ukutani vinaonekana.

BintiKizingo:
Hapo kwa washauri umenena kaka. Mimi nafanya ushauri wa rasilimali watu na nakwambia sisi tunalipwa kwa saa, ukinambia niweke wafanyikazi wangu wakubwa siku 4 chumbani hawatozi mteja hata senti, hiyo hesabu mzee wako aliikubali vipi?

MtuWaTudor:
Hakuikubali dadangu, aliimeza. Ila nilimuwekea ile karatasi ya bei ya watu wa programu pembeni ya hesabu ya siku zile, akaziangalia zote mbili, akanyamaza kidogo akauliza chakula nani atalipa 😂 Nikamwambia wewe. Simu tulikubaliana zinakaa kwenye sinia mlangoni, mapumziko ni saa nne na nusu na baada ya adhuhuri ndo watu wanarudisha simu za wateja. Bila yale mapumziko mshauri hatulii, anajua mteja wake yuko bandarini siku za bure zaisha na storeji yaanza kuhesabiwa.

fundi_koda:
Nani walikuwa chumbani? Mara nyingi naona wanaita mameneja watupu, alafu sisi mafundi tunaletewa karatasi mwishoni tuambiwe jengeni hii kwa wiki mbili.

MtuWaTudor:
Mzee mwenyewe (mwamuzi), mshauri wa forodha, mama wa kodi, mhasibu, koda (mwandishi wa programu) mmoja ambaye si wa ile kampuni iliyoandika bei, na kijana anayeshika simu ya WhatsApp ya ofisi. Huyu wa mwisho mzee hakumtaka, alisema huyu wa nini, ni wa kupokea ujumbe tu. Nikang'ang'ana.

Siku ya kwanza nilimwomba kijana atusomee maswali ya wateja kwenye ile simu, akifunika majina. Ni kama mtu yuleyule anauliza. "Gari ya mwaka fulani yaweza kuingia?" "Niko na pasipoti ya mtu naweza kuagizia?" Sauti za voisi noti za dakika nne mtu anaeleza kontena lake la viatu, kumbe swali ni moja, cheti cha CoC, kile cha kuonyesha mali inafikia viwango, apate wapi na mzigo ushapakiwa. Yule mshauri wa forodha alishika kichwa, manake ile CoC ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, inatakikana ikaguliwe hukohuko mali inakotoka, ukija kuuliza meli ikiwa baharini umechelewa. Na swali la gari jibu lake ni dakika moja, Kenya gari kuukuu isizidi miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza, lakini kila siku mtu mzima analijibu upya.

Ramani ikajichora hapo. Tatizo halikuwa mteja hana apu. Tatizo ni mteja anafika kwao akiwa ashachelewa. Mzee alikuwa anafikiria kitu cha kuwaonyesha wateja ripoti zao, na ukuta mzima unasema kitu kingine kabisa.

MzeeWaKilindini:
Vijana mimi niko kwenye mambo ya bandari tangu enzi za karatasi za kaboni, na nawaambia hilo la kuchelewa ndo ugonjwa wa kila mwagizaji. Anaagiza kwanza alafu anauliza. Sasa mkaamua nini, kikokotoo cha ushuru? Hicho ndo kila mtu anataka.

MtuWaTudor:
Mzee wangu shikamoo. Hapo ndo palikuwa na moto.

Kwenye kuchora kuna zoezi la kukunja karatasi mara nane, unachora wazo nane kwa dakika nane, dakika moja moja. Watu walilalamika hawajui kuchora, nikawaambia mraba ni skrini, mstari ni maandishi, duara ni batani, kwisha. Baada ya hapo kila mtu anachukua wazo lake bora analichora kwa utulivu na maelezo, bila jina. Tunabandika zote ukutani, watu wanapita kimya kama wako makumbusho ya Fort Jesus wanaweka vistika vidogo panapowavutia.

Vistika vingi vikaenda kwa kikokotoo. Weka gari, weka mwaka, ikupe jumla ya ushuru. Kila mtu anakipenda. Halafu ikafika zamu ya mwamuzi, na kanuni ni kwamba mwamuzi anaweza kwenda kinyume na kura za wote. Mzee akasimama mbele ya kile kikokotoo muda mrefu, akasema, "Nikimpa mtu namba kwa maandishi, na KRA wakampa namba nyingine, ile karatasi atarudi nayo kwangu." Akaenda akaweka stika zake kubwa kwenye mchoro mwingine, ule wa maswali mafupi moja kwa kila skrini, umeagiza nini, inatoka nchi gani, ushalipa ama bado, na mwisho unapata orodha ya karatasi, za kijani unazo, nyekundu huna.

Nakubali kabisa na mzee. Ushuru wa gari peke yake, KRA wanaangalia ile orodha ya bei ya gari mpya, CRSP, wanakata uchakavu kulingana na umri, halafu ushuru wa forodha, halafu ushuru wa bidhaa juu yake, halafu VAT asilimia 16 juu ya zote, na ada nyingine pembeni. Thamani ikikosewa mwanzo kosa linapanda mpaka mwisho. Kwa ajenti kikokotoo ni sawa, kwa mshauri namba ni ahadi.

fundi_koda:
Na viwango vyenyewe havikai. Kila Juni bajeti inasomwa, Julai hesabu zimebadilika. Ukiviandika ndani ya programu yenyewe badala ya kuweka jedwali ambalo mshauri mwenyewe anaweza kulibadilisha umejifunga maisha, utakuwa unapigiwa simu wewe.

MtuWaTudor:
Ndo maana koda lazima akae chumbani. Hilo alilisema Jumanne, mhasibu akaliandika, likaingia kwenye mpango bila mitingi ya pili.

yakhe_msomi:
Sawa nimeanza kukuelewa. Ila hiyo ya mwamuzi kupindua kura si ni udikteta uleule wa bosi tu? Mimi nshakaa kwenye sprinti ya shirika fulani, mkurugenzi hakuja siku zote, akatokea mwisho na shati la kitenge akasema hii mimi sikuitaka, tuanze upya. Tulibaki tunaangaliana.

MtuWaTudor:
Pole sana ndugu yangu, na hiyo ndo sababu mwamuzi lazima awemo. Akikaa nje ataamua vilevile, ila ataamua mkishamaliza. Akiwa ndani anaona michoro bila majina, anaona kura za wote kabla hajafungua mdomo, na akipindua anatoa sababu mbele ya watu. Hapa kwetu mkubwa akizungumza kwanza nani atampinga? Hakuna, hata kama anakosea watu watasema sawa mzee. Kwa hivyo mpangilio ni huo, wadogo kwa karatasi, mkubwa mwisho. Kama mwenye kampuni hana nafasi, usianze, rudisha pesa ya watu.

BintiKizingo:
Na sampuli mlitengeneza kwa nini, Figma?

MtuWaTudor:
PowerPoint dada. Koda alitaka Figma, ile programu ya kuchora skrini za apu, na ni nzuri, lakini Jumatano stima ilikatika asubuhi mpaka karibu na alasiri, tukawa na laptopu mbili zenye chaji na kila mtu pale anajua PowerPoint. Michoro ya hadithi, kama skrini kumi na kitu, ilikuwa ishapangwa ukutani kwa karatasi kwa hivyo kazi haikusimama. Mama wa kodi akaandika maneno, na hapa ntasisitiza, maneno ndo sampuli. Aliandika "Je, umepata Cheti cha Ulinganifu?" kijana wa WhatsApp akamwambia mama, wateja wanaita CoC, andika CoC. Batani unaziunganisha na kurasa, unafungua kwenye simu, mteja hajui kama nyuma hakuna kitu.

Data zote za uongo. Gari za uongo, PIN za kodi za uongo. Msije mkachukua faili la mteja wa kweli mkaliweka kwenye sampuli na mtu mwingine akaliona, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na kampuni ya ushauri inaishi kwa kuaminiwa.

MzeeWaKilindini:
Wateja watano ndo wanatosha kuamua biashara ya mtu?

MtuWaTudor:
Si kuamua biashara mzee, ni kuona wapi wanakwama. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima jinsi watu wanavyotumia tovuti, aliandika 2000 kwamba watu 5 wanakutolea karibu asilimia 85 ya matatizo ya kutumia kitu, kwa sababu mtu wa kwanza anakuonyesha mengi, wa pili anarudia na kuongeza, ukifika wa tano wajua kabla hajabonyeza atakwama wapi. Lakini sharti ni wawe wa aina moja. Kampuni hii ina wateja wa aina mbili, wafanyabiashara wanaoagiza gari na mali ya duka, na viwanda vinavyoagiza malighafi. Ukichanganya wawili wa huku na watatu wa huku hujapima yeyote. Tukachagua wafanyabiashara, viwanda tukaviwacha, mzee akanung'unika kidogo.

Alhamisi sasa. Mimi na mteja chumba kimoja, wengine chumba cha pili wanaangalia kwa video na vikaratasi. Unampa mtu simu unamwambia afikirie kwa sauti, na wewe unafunga mdomo. Mmoja anauza viatu upande wa Kongowea, alipita maswali vizuri kabisa, tulikuwa tumewacha skrini moja ya kufungua akaunti kwa sababu mzee aliing'ang'ania, akafika pale, akaiangalia, akaweka simu mezani, akanambia, "Basi ntawapigia." Hakukasirika wala nini. Alimaliza tu. Wa pili yake naye pale pale. Kutoka chumba cha pili nikasikia watu wanaguna.

Kitu cha pili hakuna aliyekichora. Waliofika kwenye ile orodha ya kijani na nyekundu, karibu wote walipiga skrini picha. Nikawauliza ya nini. Namtumia yule anayeninunulia Dubai. Namtumia ajenti wangu. Mmoja akasema namtumia mshauri mwenyewe aniambie hii ni kweli? Yaani mashine wameielewa, lakini jibu wanalitaka kwa mtu wanayemjua jina.

fundi_koda:
Hiyo ya skrini picha ni dhahabu. Hapo mnaua akaunti, mnaweka batani ya kutuma orodha WhatsApp kwa mshauri.

MtuWaTudor:
Ndo hivyo hivyo. Ijumaa asubuhi ile skrini ya pasiwedi tuliing'oa ukutani, mzee mwenyewe ndo aliing'oa. Mteja anajibu maswali bila kujisajili, anapata orodha, anabonyeza, ujumbe unaingia kwenye simu ya ofisi ukiwa ushapangwa: bidhaa, nchi, ushalipa ama la, karatasi gani hana. Mshauri anaanzia katikati badala ya kusikiliza voisi noti ya dakika nne. Ushauri wenyewe bado unalipiwa, orodha ni bure. Hilo la bure lilileta ubishi na mama wa kodi, anasema tunagawa ujuzi wetu, mzee akasema orodha ya karatasi KEBS na KRA wanayo tayari, sisi tunauza kujua ipi itakuuma.

Namba ya HS haikuingia kabisa kwenye apu, na isiingie. Kupanga bidhaa kwenye namba ndo ujuzi wao hasa, viwango vya ushuru vya pamoja vya Afrika Mashariki vinaruka kutoka asilimia 0 hadi 10, 25 na 35, ukikosea namba umekosea kila kitu, na mteja akiachiwa achague mwenyewe atachagua ya bei rahisi.

BintiKizingo:
Sasa ile karatasi ya bei ya kwanza ikaishia wapi?

MtuWaTudor:
Haikukubaliwa. Wameanza na kipande kidogo, maswali na orodha, gari tu, mali ya duka baadae. Yule koda ndo anaijenga, jedwali la karatasi linashikwa na mshauri wa forodha, na kijana wa WhatsApp kapewa kazi ya kuandika kila swali jipya ambalo orodha haikulijibu. Viwanda watafanyiwa sprinti yao.

yakhe_msomi:
Haya shekhe umenishawishi nusu. Nusu ya pili nambie, sisi ni ofisi ya watu wanne tu, wakili, mimi na makarani wawili, hii kitu inawezekana?

MtuWaTudor:
Inawezekana yakhe, wanne wanatosha, na punguza siku kama hamna michoro mingi ya kuchagua. Ila wakili wako mwambie mapema kuhusu ile sinia ya simu, na tafuta wateja wa Alhamisi kabla hujanunua hata maka moja, manake hao ndo wagumu kupatikana, si vikaratasi. Nitumie ujumbe pembeni nikupe mpangilio wa saa kwa saa.